Ng'ombe Waliokataa Maji

Ng'ombe mwenye akili timamu hutia mdomo wote ndani ya maji akavuta, na ukisimama karibu unasikia yanavyoteremka kooni. Wa kwetu, Septemba ile, walianza kulamba. Ulimi nje, ulimi ndani, kama paka kwenye kisahani, halafu wanarusha kichwa nyuma ghafla na kutukodolea macho mimi na Orrin, utadhani tumewatukana mama zao.

"Wana nini hawa?" nikamwuliza mume wangu.

"Wameshiba maji ya kwenye majani," akasema. "Mvua si imenyesha?"

Nilimwamini. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, na kuhusu ng'ombe sikuwahi kumshika Orrin Tollefsrud na kosa hata moja. Kuhusu mengine, weee, ningejaza daftari. Lakini banda lile alizaliwa akalikuta: zege lile lile, redio ile ile ya baba mkwe juu ya kabati, na bakuli za chuma za kunywea, moja kwa kila ng'ombe wawili. Ng'ombe anasukuma kwa pua, maji yanajaa yenyewe. Tulikuwa nao thelathini na wanane, na kila mmoja ana jina. Anayetaka kucheka acheke.

Wiki ya pili maziwa yakapungua. Wiki ya tatu yakapungua mpaka dereva wa tangi la maziwa akatuuliza kama tuna wagonjwa. Wakati wa kukamua wakawa hawatulii, wanainua mguu huu wanashusha ule, mashine zinapigwa teke zinaanguka chini. Watatu wakavimba viwele. Daktari wa mifugo, Bi Schwantes, akaja akawapima joto, akatoa damu, akanusa chakula, akaonja hata maji.

"Maji yenu mazuri kuliko yangu," akasema. Akatuachia mfuko wa madini ya kuchanganya kwenye chakula, akatuangalia kwa huruma. Huruma ya namna ile mimi siipendi.

Halafu Lavonne wa shamba la pili akaniletea bakuli la tambi za kuoka na jibini. Huku kwetu Wisconsin, mtu akikuletea tambi za kuoka na hujafiwa, ujue umeshasemwa. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikazila nimesimama kwa hasira. Nilijua wanachosema: Orrin amezeeka, Orrin amechoka, Orrin siku hizi anawapiga ng'ombe. Orrin! Mtu aliyemlea Hulda kwa chupa hapa jikoni kwangu, kando ya jiko, wiki tatu, ndama hajui kusimama, na mimi naruka mavi nikienda kukoroga uji.

Ni Orrin aliyegundua habari ya ndoo. Siku moja alimpelekea Hulda maji kwenye ndoo ya plastiki, na Hulda akanywa ndoo nzima bila kupumua. Akampelekea Greta. Greta naye akanywa. Mume wangu akarudi nyumbani mbio, na mzee huyu si mtu wa kukimbia.

"Verla! Si maji. Ni bakuli. Kwenye plastiki wananywa, kwenye chuma hawanywi. Ni umeme huo, mama. Umeme unatambaa."

Alikuwa amesoma kwenye gazeti la wakulima kwamba umeme unaweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya banda, mtu asijue, ng'ombe ajue. Nilimwona ana uso wa kijana siku ile. Tukapiga simu kwa watu wa umeme. Wakasema watamtuma fundi baada ya siku sita.

Siku hizo sita tulibeba ndoo. Ng'ombe mmoja wa maziwa anataka karibu lita mia kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, mara thelathini na wanane, kwa mikono ya watu wawili waliopita miaka sitini. Hata nusu ya kiu yao hatukuifikia. Siku ya nne mgongo wa Orrin ukakataa, akawa anasukuma ndoo kwa mguu, machozi yanamtoka, ananiambia ni jasho.

Fundi akaja. Kijana mpole, Kolby, mwenye kisanduku cha kupimia chenye nyaya mbili. Mita yetu iko kwenye nguzo nyuma ya bustani yangu ya mahindi matamu, na bustani ile nilikuwa nimeizungushia waya wa umeme mwezi Agosti kwa sababu ya rakuni, mashetani wale wa porini, wanaomenya hindi kwa vidole kama watu. Basi kabla gari lake halijafika nikaenda chumba cha maziwa nikachomoa plagi ya uzio. Mgeni hapigwi shoti kwangu. Nikaweka kahawa jikoni, nikakata keki ya boga.

Kolby alitueleza vizuri, sina lawama. "Umeme hauendi popote bila njia ya kurudi, mama. Unatoka, unazunguka, unarudi ulikotoka. Ukikosa njia nzuri ya kurudia, unapita popote panapopitika. Kwenye bomba, kwenye zege lililolowa, kwenye ng'ombe. Ng'ombe akigusa chuma kwa pua na kwato zake nne ziko kwenye sakafu ya maji, basi yeye ndiye waya."

"Na sisi mbona hatusikii kitu?" nikauliza.

Akanionyesha miguu yangu. "Mmevaa buti za mpira. Mpira haupitishi. Mnaweza kukaa humu mwaka mzima msijue."

Akagusisha waya mmoja kwenye bakuli na mwingine kwenye sakafu. Orrin amesimama nyuma yake, kofia mkononi, anaomba. Nilimwona midomo inacheza.

"Sufuri," Kolby akasema.

Akapima bakuli zote. Sufuri, sufuri, sufuri. Akapanda nguzo ya mita, akashuka, akapima tena. "Banda lenu halina tatizo, mzee. Labda ni kutu, chuma kinakuwa na ladha." Akala vipande vitatu vya keki, akaondoka.

Na jioni ile, sikilizeni basi, jioni ile ng'ombe walikunywa. Si wote, lakini Greta alikunywa, Petunia alikunywa. Tukasema ni madini ya Bi Schwantes yameanza kufanya kazi. Orrin alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, anakoroma, na mimi niko macho nafurahia kukoromewa. Asubuhi nikarudisha plagi ya uzio, maana rakuni hawana likizo, nikaenda kukamua.

Siku iliyofuata wakaanza kulamba tena.

Tukasugua bakuli zote kwa brashi ya chuma mpaka zikang'aa. Wakalamba. Tukamwaga madini zaidi. Wakalamba. Orrin akaacha kula. Akawa anakaa kwenye kigoda cha kukamulia katikati ya banda, redio inakohoa tik, tik, tik katikati ya muziki wa polka, naye anawaangalia tu.

"Wananiogopa mimi," akaniambia.

"Acha upuuzi."

"Kile kipimo kimesema hakuna kitu, Verla. Maji mazuri, chakula kizuri, umeme hakuna. Kimebaki nini? Nimebaki mimi. Kuna kitu ninachowafanyia na sikijui."

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo kanisani siyasemi. Mwenzenu nikiogopa huwa nafoka, ndivyo nilivyoumbwa. Na niliogopa sana, kwa sababu alikuwa anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

Oktoba ikaingia, tukawasha tanuri la kupasha nyumba joto, hewa ikakauka. Nina sweta la sufu aliloniletea dada yangu. Kila nikipita kwenye zulia na kushika kitasa, pa! Cheche. Siku moja bandani nimeshika bakuli kwa mkono mmoja na shingo ya Greta kwa mwingine, tukashtuka wote wawili, yeye na mimi.

"Vua hilo sweta," Orrin akasema, "linawapiga ng'ombe wangu."

Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka mwaka ule.

Wiki ya tatu ya Oktoba akanitangazia mezani kwamba amempigia simu Duane Wojta, mwenye lori la mifugo. Ng'ombe waliokauka namna ile hakuna mkulima anayewachukua. Wanakwenda machinjioni. Jumanne mzigo wa kwanza, Alhamisi saa nne asubuhi wa pili, basi, kwisha.

"Nipe wiki moja," nikamwomba. "Orrin, nakuomba. Kuna kitu, nitakiona."

"Siwezi kuwaangalia wakifa kiu mbele ya maji," akasema. "Hata siku moja zaidi siwezi."

Jumanne wakaenda kumi na sita. Petunia alipanda lori mwenyewe, bila kusukumwa, kama anayekimbia kwetu. Orrin alisimama kwenye mlango wa banda mpaka vumbi likatulia. Mimi nikatumia siku mbili zile nikipekua kila kitu kama kichaa: nikafungua magunia, nikatazama chini ya mabati, nikaonja maji ya kila bakuli kwa ulimi wangu kwenye kikombe. Nilikuwa na buti miguuni wakati wote. Jamani, buti zile!

Alhamisi tukakamua waliobaki, kwa mara ya mwisho. Hulda hakuinuka. Alikuwa amelala mahali pake, macho yameingia ndani, shingo imegeukia ubavuni. Orrin akampapasa, akamwita, akamsukuma kwa bega. Wapi.

"Duane hachukui ng'ombe asiyesimama," akasema. "Nenda ukaweke kahawa, Verla."

Nikaenda. Nikavua buti mlangoni kama kawaida, nikaingia jikoni na soksi, nikajaza birika nikaliweka motoni. Macho yangu yakaenda kwenye ukuta wa korido, pale inapotundikwa bunduki ya kuwindia kulungu. Haikuwepo.

Ndipo nikasikia mlio.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka changarawe chini ya soksi, na sauti yangu mwenyewe inapiga kelele jina lake, Orrin, Orrin, Mungu wangu usinifanyie hivi, Orrin. Mwaka uliotangulia mkulima mmoja wa bonde la chini, mkewe alimkuta amejipiga risasi ndani ya banda lake. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani uani kote.

Alikuwa amekaa sakafuni. Mzima. Bunduki ameilaza kando, kichwa cha Hulda kiko mapajani mwake, na Hulda amekufa.

Soksi zikateleza kwenye zege lililolowa. Nikakamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu nisianguke, na kitu hicho kilikuwa bakuli la Hulda.

Pa!

Mkono uliruka wenyewe. Nikasema ni sweta. Halafu nikajitazama, nilikuwa na blauzi ya pamba. Nikarudisha mkono, makusudi, nikashikilia bakuli na meno nimeyauma. Pa! Nikahesabu moja. Pa! Nikahesabu moja. Pa!

Cheche ya sweta hupiga mara moja ikaisha. Unaikusanya kwenye zulia, unaimwaga kwenye kitasa, basi, mpaka utembee tena. Hii haikuisha. Ilikuwa inakuja na kuja, na kila ilipokuja redio juu ya kabati ilisema tik. Pa, tik. Pa, tik. Nilisimama pale kwenye zege lenye maji na soksi zimelowa chapachapa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu bila mpira chini ya miguu, nikawa ng'ombe.

Na mapigo yale niliyajua. Niliyafunga mwenyewe.

Kisanduku cha uzio kina nyaya mbili. Mmoja unaupeleka umeme kwenye uzio, pigo moja kila sekunde. Mwingine ni wa kuurudisha, na huo unafungwa kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini. Agosti nilipigilia nondo, ikagonga mwamba. Nikasogea hatua mbili, mwamba. Hatua tatu, mwamba, jua la utosi, na rakuni wameshakula mstari mzima. Nikasema, kwani bomba la maji halitoki kisimani, futi mia chini? Ardhi gani itazidi hiyo? Nikaubana waya ule kwenye bomba la chuma, nyuma ya chumba cha maziwa, nikajipongeza. Nilisahau kwamba miaka miwili nyuma Orrin na kaka yake walifukua bomba la kutoka kisimani wakaweka la plastiki. Nilisahau na kahawa yao niliwapikia mimi! Bomba la chuma la bandani lilikuwa halifiki popote tena isipokuwa kwenye bakuli. Na mvua za Septemba ziliotesha majani yakaulalia uzio mzima, kila pigo likivuja ardhini, likitafuta njia ya kurudi kwenye kile kisanduku. Njia ilikuwa pua za ng'ombe.

Na siku ya Kolby nilichomoa plagi. Kwa adabu.

Nilikwenda chumba cha maziwa nikaing'oa plagi kwa nguvu mpaka soketi ikatoka na kipande cha ukuta. Redio ikaacha kukohoa. Polka ikasikika safi, kila kinanda, wiki zote zile sikuwahi kuisikia hivyo.

Nikarudi. Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, katika hatua zile kumi na mbili nilifikiria kunyamaza. Ningefungua ule waya kimya kimya, ningesema ng'ombe wamepona kwa kudra ya Mungu, naye angekufa akijua ana mke mwema. Lakini angekufa pia akijua kwamba ng'ombe walimchukia.

"Orrin," nikasema. "Si wewe."

Hakuinua kichwa.

"Ni uzio wangu. Waya wa mahindi. Niliufunga kwenye bomba. Siku ya yule kijana niliuzima asipigwe, ndiyo maana hakuona kitu. Ni mimi, Orrin. Si wewe. Ni mimi tangu mwanzo."

Nilidhani atanifokea. Nilitaka anifokee. Alikaa vile vile, vidole vyake viko nyuma ya sikio la Hulda, pale alipokuwa akimkuna tangu akiwa ndama.

Upande wa pili wa njia, Greta akashusha kichwa. Akatoa ulimi, akagusa maji, akasubiri. Akagusa tena. Halafu akatia mdomo wote, na nikasikia yakiteremka. Jirani yake akamtazama, naye akatia. Wakafuatana safu nzima hivyo, pua ndani ya bakuli, mabomba yakaanza kuvuma. Sauti ile Orrin alikuwa hajaisikia tangu Septemba. Akainua uso.

"Hulda angekunywa?" akaniuliza.

Neno moja la uongo lingetosha. Alikuwa mgonjwa tayari, ningesema, au damu yake ilishaharibika. Alikuwa ananiangalia kama anayeniomba niseme hivyo.

"Angekunywa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Nikataka kumshika bega. Akanizuia kwa kiganja, bila ukali, kama unavyomzuia mtu asikanyage mahali palipopakwa rangi.

Lori la Duane likaingia uani saa nne kamili. Nikatoka.

"Bi Verla, huna viatu," akasema.

"Geuza lori, Duane. Hawaendi."

Akachungulia nyuma yangu, akasikia wanavyokunywa, akaelewa kitu. "Haleluya," akasema.

"Na wale wa Jumanne?"

Akavua kofia, akaigeuza geuza mkononi. "Jana asubuhi, Bi Verla," akasema.

Alipoondoka nikaingia jikoni. Sikujua mtu katika hali ile anafanya nini, kwa hiyo nikashika birika, maji niliyoyaweka yalikuwa yamechemka yakakauka yote. Nikaliweka chini ya bomba, nikafungua. Bomba likakohoa, likatoa uzi mwembamba, likatoa upepo, likanyamaza. Kisima chetu ni kimoja. Ng'ombe ishirini na mmoja walikuwa wanakunywa wote kwa pamoja, na kwa ajili ya nyumba hakikubaki hata tone.

Nikasimama na birika tupu, bomba nimeliacha wazi, nikisubiri washibe.